Kikombe Alichokikosa

Msomaji, ukitazama jinsi tunavyolelewa, utaona kuwa sehemu kubwa ya mafunzo yetu ni mafunzo ya kushinda. Tangu utotoni huambiwa tukimbie tuwe wa kwanza, tusome tuwe wa kwanza, tucheze mpira turudi na kikombe. Mafunzo hayo ni mema, wala sina nia ya kuyatia dosari. Lakini katika kila shindano mshindi huwa mmoja na washindwa huwa wengi. Kwa hesabu hiyo, hapana budi mtu akutane na kushindwa mara nyingi kuliko kushinda. Ni ajabu, basi, kwamba jambo ambalo halina shaka kutufikia ndilo tusiloandaliwa kulipokea.

Wazee wetu hawakulisahau jambo hili. Walituachia methali isemayo, "Asiyekubali kushindwa si mshindani." Niliisema methali hii miaka mingi kabla ya kuijua maana yake. Nataka kukueleza jinsi nilivyoijua: kwanza kwa aibu yangu mwenyewe, na kisha kwa habari za mtu mmoja wa mbali, aliyetafuta kikombe kimoja kwa muda wa miaka 31 asikipate.

Nilikuwa kijana wa umri wako. Siku za likizo nilikwenda pwani kukaa na ami yangu, aliyekuwa nahodha wa mashua ya uvuvi. Vijiji viwili jirani vilikuwa na desturi ya kushindanisha mashua zao mara moja kwa mwaka. Mwaka ule nilipewa kushika demani, yaani kamba ya kuongozea tanga, na fahari niliyokuwa nayo ilizidi umri wangu. Tulitangulia tangu mwanzo mpaka kwenye boya la kuzungukia. Hapo, wakati wa kugeuza, nilichelewa kulegeza demani. Mashua ikalala ubavu, ikaingia maji, na wenzetu wakatupita. Hatukuwapata tena.

Tulipofika pwani sikumpa mtu mkono. Nilipita katikati ya watu nimeinamisha kichwa, nikaenda kukaa nyuma ya nyumba. Wenzangu walipokuja kuniuliza, niliwaambia kuwa mwamuzi alikuwa jamaa wa wale walioshinda, na kuwa boya lilikuwa limesogezwa. Yote mawili yalikuwa uongo, na mimi nilijua hivyo. Jambo moja lililokuwa kweli, kwamba mkono wangu ulichelewa, sikulitaja.

Ami alifanya vingine. Alivuka mchanga, akampa mkono nahodha aliyetushinda, akaketi naye jamvini wakinywa kahawa mpaka usiku. Aliporudi nilimwuliza kwa hasira, "Ami, ulikuwa na maneno gani na watu wale?"

Akanijibu, "Nilikuwa nikimwuliza jinsi alivyolikata tanga lake. Nani mwingine angeweza kunifundisha, mwanangu? Na wewe huko nyuma ya nyumba, ulipata nani wa kumwuliza?"

Sikuwa na jibu. Neno lile lilinikaa moyoni kama mwiba usioonekana, nami nikakua nalo. Baada ya miaka mingi nilisoma habari za Kikombe cha America, na humo nikamkuta mtu aliyekuwa kana kwamba amekaa jamvi moja na ami yangu.

Kikombe hicho, msomaji, kina historia ndefu. Mwaka 1851 jahazi moja la Marekani lenye milingoti miwili, jina lake America, lilivuka Bahari ya Atlantiki likafika Uingereza. Tarehe 22 Agosti lilishindana na majahazi ya Kiingereza zaidi ya kumi kukizunguka kisiwa cha Wight, kusini mwa nchi hiyo, nalo likayashinda yote. Tuzo ilikuwa chombo cha fedha ambacho, ingawa huitwa kikombe, umbo lake ni la birika. Tena hakina kitako. Ukikimiminia maji yatapita yote yamwagike chini. Mwaka 1857 wenye jahazi walikitoa kikombe kwa chama cha waendesha majahazi cha New York, kiitwacho New York Yacht Club. Walikitoa kwa hati, wakitaka kiwe kitu cha kushindaniwa na mataifa kwa urafiki. Kikaitwa Kikombe cha America kwa jina la lile jahazi, wala si kwa jina la nchi.

Mwito wa kwanza wa kukishindania ulitekelezwa mwaka 1870. Tangu hapo washindani walitoka Uingereza, wakatoka hata Kanada, na wote walirudi mikono mitupu. Masharti yenyewe yalikuwa mazito kwa mgeni. Jahazi lake lilitakiwa kufika mahali pa shindano lenyewe kwa njia ya bahari, na kwa hiyo lilijengwa kuwa imara liweze kuvuka Atlantiki. Jahazi la mwenyeji halikuwa na safari ya namna hiyo. Lilijengwa jepesi, kwa ajili ya mbio tu. Aliyetaka kushindana alikuwa kama mtu atembeaye siku nyingi kwa miguu, kisha akifika aambiwe akimbie na aliyelala nyumbani.

Palipo na masharti mazito hapakosi manung'uniko. Mwaka 1895 bwana mmoja mkubwa, Lord Dunraven, alileta jahazi lake Valkyrie III kushindana na Defender la Marekani. Aliwashitaki wapinzani wake kuwa wameongeza uzito ndani ya jahazi lao kwa siri. Katika mbio za pili majahazi yaligusana, na waamuzi wakamhukumu yeye. Siku ya mbio za mwisho alivuka mstari wa kuanzia, kisha akageuza akaenda zake. Baadaye baraza lilikaa New York kuyachunguza mashtaka yake, likaona hayakuthibitika, na chama kikamwondoa katika wanachama wake wa heshima. Chuki iliingia kati ya watu wa pande mbili za bahari, na kikombe kilichotolewa kwa ajili ya urafiki kikawa sababu ya uadui.

Nilipoisoma habari hiyo nilijiona mwenyewe. Mimi na yule bwana tulitofautiana kwa mali na kwa cheo, lakini maneno yetu yalikuwa mamoja: boya limesogezwa.

Baada yake alikuja Thomas Lipton. Hapana shaka jina hilo umeliona, maana lingali likiandikwa kwenye pakiti za majani ya chai. Mtu huyu alizaliwa Glasgow, katika Uskoti, na wazazi maskini waliotoka Ireland, ambao walikuwa na kiduka kidogo cha vyakula. Aliacha shule mapema. Akiwa bado kijana alikwenda Marekani, akafanya kazi katika mashamba ya tumbaku na ya mpunga, kisha katika duka moja la New York, ambako alitazama kwa makini jinsi bidhaa zinavyopangwa na mnunuzi anavyokaribishwa. Alirudi kwao, na mwaka 1871 akafungua duka lake mwenyewe. Duka moja lilizaa la pili, na la pili likazaa mengi. Mwaka 1890 alinunua mashamba ya chai katika kisiwa cha Ceylon, ambacho sasa huitwa Sri Lanka, akaiuza chai hiyo kwa bei iliyowafaa watu wa kawaida.

Alipokwisha kupata mali alikitamani kikombe. Alituma mwito wake kwa jina la chama cha Royal Ulster cha Ireland, na jahazi lake akaliita Shamrock, kwa jina la jani dogo la pande tatu ambalo ni alama ya watu wa Ireland. Mwaka 1899 alifika New York. Kwa siku nyingi ukungu na ukosefu wa upepo vilizuia mbio zisimalizike. Zilipofanyika, jahazi la Marekani liitwalo Columbia lilishinda mara tatu kwa sifuri, na katika mbio mojawapo mlingoti wa juu wa Shamrock ulivunjika. Pande zote mbili zilikuwa zimekubaliana kabla kwamba kila jahazi litabeba ajali yake lenyewe. Lipton hakuleta mashtaka. Alisema atarudi.

Alirudi mwaka 1901 na Shamrock II, jahazi lililochorwa na fundi mwingine. Alishindwa tena tatu kwa sifuri na Columbia ile ile. Katika mbio za mwisho Shamrock II ilitangulia kuvuka mstari kwa sekunde mbili. Lakini ilikuwako kanuni kwamba jahazi lenye uwezo mkubwa humpa mwenzake fidia ya muda, na kwa hesabu hiyo ushindi ukawa wa Columbia. Fikiri, msomaji, wewe umefika kwanza mbele ya macho ya watu wote, kisha karatasi inasema umeshindwa!

Mwaka 1903 alikuja na Shamrock III. Wamarekani walikuwa wameunda Reliance, jahazi lenye matanga ya eneo la mita za mraba 1,500 hivi, lililohitaji mabaharia zaidi ya 60. Alishindwa mara ya tatu, tatu kwa sifuri. Katika mbio za mwisho Shamrock III ilipotea ukunguni isiuone hata mstari wa kumalizia. Na jambo la kuchoma moyo zaidi ni kwamba nahodha aliyemshinda mara zote tatu, Charlie Barr, alikuwa mzaliwa wa Uskoti kama yeye, aliyehamia Marekani.

Miaka mingi ilipita. Mwaka 1914 Shamrock IV ilikuwa katikati ya Atlantiki ikienda kushindana, vita kuu ya kwanza ilipoanza. Shindano likaahirishwa, na jahazi likawekwa nchi kavu katika Marekani mpaka mwaka 1920. Mwaka huo kikombe kilimkaribia Lipton kuliko wakati wowote. Katika mbio za kwanza jahazi la Marekani, Resolute, lilikatikiwa na kamba ya tanga likajitoa, na ushindi ukawa wa Shamrock. Mbio za pili Shamrock ilishinda kwa nguvu zake yenyewe. Ushindi uliohitajika ulikuwa wa mara tatu, basi ulibaki mmoja tu. Katika mbio za tatu majahazi yote mawili yalitumia muda ule ule hasa, saa kwa saa na sekunde kwa sekunde. Lakini kwa ile kanuni ya fidia, Resolute ilihesabiwa dakika saba mbele. Kisha Resolute ikashinda za nne, na za tano pia.

Mwaka 1930 alikwenda mara ya mwisho, mzee wa miaka 80 na zaidi, na Shamrock V. Safari hii mbio zilifanyika katika maji ya Newport, na fidia ya muda haikuwako tena. Jahazi la Marekani, Enterprise, lilishinda mara nne kwa sifuri. Basi huo ukawa mwisho wa safari ya miaka 31: miito mitano, majahazi matano, kikombe hakuna.

Sasa tazama lililofuata. Mcheshi mmoja mashuhuri wa Marekani, Will Rogers, aliandika kwamba kila apendaye atoe dola moja, ili mzee huyu anunuliwe kikombe kingine. Wakati ule ulikuwa wa dhiki, kwa kuwa biashara ya Marekani ilikuwa imeanguka mwaka uliotangulia. Hata hivyo watu walichanga. Kikatengenezwa kikombe cha dhahabu, na mwezi wa Desemba mwaka 1930 Lipton alikabidhiwa mjini New York, katika mji ule ule alimozoea kushindwa. Waliomshinda ndio waliomtuza. Mwaka uliofuata, 1931, chama cha mabwana wakubwa wa Uingereza, Royal Yacht Squadron, ambacho miaka yote hakikuwa kimempokea mwuza vyakula huyu, kilimfanya mwanachama. Tarehe 2 Oktoba mwaka huo huo alifariki dunia. Alikuwa ameusia mji wake wa Glasgow sehemu kubwa ya mali yake.

Yamkini utaniambia, msomaji, kuwa mtu huyu alikuwa mfanyabiashara, na kwamba tabasamu lake lilikuwa tangazo la chai. Shaka hiyo ina haki. Lipton alikuwa bingwa wa matangazo. Katika Glasgow aliwapitisha nguruwe wanono barabarani kuwatangazia watu nyama ya duka lake, na wakati wa Krismasi alileta jibini kubwa mno yenye sarafu za dhahabu ndani, watu wakagombea kuinunua. Mtu wa namna hiyo hakosi kujua kuwa jina lake likiandikwa magazetini kwa ajili ya kikombe, chai yake nayo itanunuliwa. Wala sidhani kuwa alilisikitikia jambo hilo.

Lakini nimeipima shaka hii mara nyingi, na kila mara naiona nyepesi. Kama adabu yake ilimletea faida, je, faida hiyo inaifanya adabu kuwa uongo? Mkulima apandaye mahindi hula mahindi, wala hatusemi kuwa kulima kwake ni hila. Tena tangazo lingetosha kwa jahazi moja au mawili. Kila Shamrock iliundwa upya kwa gharama kubwa, na kazi ya kuzichora ilipita mikononi mwa mafundi watatu wa sifa kubwa, William Fife, George Watson na Charles Nicholson. Kila lililoshindwa lilimfundisha kitu kwa ajili ya lililofuata. Mtu anayetaka kuonekana tu hajisumbui kiasi hicho kutafuta kosa lake liko wapi.

Hapa ndipo nilipoijua methali yetu. Nilikuwa nikidhani kuwa kukubali kushindwa ni kuinamisha kichwa na kunyamaza, na kwa hiyo niliiona methali hiyo kuwa faraja ya wanyonge. Sivyo. Kukubali kushindwa ni kusema ukweli juu ya lililotokea. Asemaye "boya limesogezwa" hana la kujifunza, kwa sababu kosa ameliweka kwa mtu mwingine, na mtu hawezi kurekebisha kosa lisilo lake. Asemaye "mkono wangu ulichelewa" ana kazi ya kufanya kesho asubuhi. Wa kwanza ametoka mashindanoni, hata kama atapiga kelele mwaka mzima. Wa pili bado ni mshindani. Neno la mwisho la methali, msomaji, ni mshindani, si mshindwa.

Yako pia maonevu ya kweli duniani. Mwamuzi akipokea rushwa, usinyamaze. Sema, tena kwa ushahidi. Lakini lisemwe lililoonekana, lisisemwe lililotungwa kuponya aibu. Uongo wa aliyeshindwa humdhuru hata aliyeonewa kweli, kwa kuwa watu wakisha kuzoea visingizio hawasikii tena mashtaka.

Utataka kujua mwisho wa kikombe. Kilikaa New York, kimefungwa imara juu ya meza yake, na washindani waliendelea kuja na kushindwa mpaka mwaka 1980. Miongoni mwao walikuwako Waaustralia, ambao tajiri wao Alan Bond alikuwa amejaribu mara tatu, mwaka 1974, 1977 na 1980. Mwaka 1983 walirudi Newport na jahazi Australia II. Mchoraji wake, Ben Lexcen, alikuwa ameutia mkuku wake mabawa mawili chini ya maji, jambo ambalo halijapata kuonekana katika mashindano hayo. Walishindwa mbio tatu na kushinda moja; mbio moja zaidi zingewarudisha nyumbani. Nahodha wao, John Bertrand, akashinda ya tano, na ya sita, na tarehe 26 Septemba akashinda ya saba. Kikombe kiliondoka New York baada ya miaka 132.

Lipton hakuiona siku hiyo. Lakini nafikiri ana sehemu yake ndani yake. Kikombe kisichoshindaniwa ni chombo cha fedha kisicho na kitako, wala hakifai hata kwa kunywea maji. Thamani yake hutiwa na wale wanaokijia, na walio wengi katika hao walikikosa.

Basi siku utakapotazama orodha ya majina usione lako mahali ulipolitaraji, au timu yenu itakapofungwa mbele ya shule nzima, usikimbilie nyuma ya nyumba kama nilivyofanya mimi. Huko hapana mtu wa kukufundisha.

Mwaka uliofuata ami alikata tanga jipya, nami nikapewa demani tena. Tulizunguka boya vizuri, mashua haikuingia maji, na hata hivyo wenzetu walitutangulia kwa urefu wa mashua moja. Tulipofika pwani miguu yangu ilitaka njia ya nyumbani. Nikaikatalia. Nilivuka mchanga mpaka kwa kijana aliyekuwa ameshika demani ya wale walioshinda, nikampa mkono, nikamwomba anionyeshe namna anavyoizungusha kamba ili ilegee upesi. Alinishika mkono akanionyesha, mara moja, na mara ya pili polepole. Hivyo ndivyo ninavyoishika hata leo.